Uliza Fundi: Weupe wa sahani za udongo unatoka wapi?

Toleo lililopita tuliongelea vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, basi meseji zikamiminika, na nyingi zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti: zile sahani na vikombe vyeupe vya dukani, udongo wake ni upi na unafanywaje mpaka unakuwa vile. Nimechagua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, na nyie mliotuma picha za mashimo ya vyoo pia nimewaona jamani, mtajibiwa humuhumu.

Fundi habari za kazi. Nimenunua Kariakoo dazeni ya sahani za udongo, nyeupe pee, moja ikanidondoka ikavunjika nikaona hadi ndani ni nyeupe vilevile, sio rangi ya juu tu. Mbona udongo wetu ukichomwa unakuwa mwekundu? Au hao wanaweka rangi? – Mama Abdul, Tabata

Mama Abdul pole na sahani. Rangi hamna hapo, mwenye kesi ni chuma. Udongo wetu mwingi wa mabondeni na kando ya mito una chuma ndani yake, na chuma kikikutana na moto na hewa kinageuka rangi ya tofali, haijalishi udongo ukiwa mbichi ulikuwa wa kijivu, wa njano au mweusi tii. Chuma kikifika asilimia tano kwenda juu we jua chombo kitatoka chekundu tu. Wenye viwanda vya sahani nyeupe wanatafuta udongo ambao chuma chake hakifiki asilimia moja, na huohuo bado wanahangaika kukipunguza.

Halafu kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hiyo sahani sio udongo mmoja, ni mchanganyiko. Chukua Waingereza wa Stoke-on-Trent kule Staffordshire, ambao wamefanya hii kazi kwa karne kadhaa. Resipe yao ya vyombo vyeupe vya kawaida iko karibu hivi: robo ni kaolini, yaani udongo mweupe laini, robo ni udongo wa kunata ambao wenyewe wanauita bolkilei (ball clay), asilimia kama 35 ni jiwe la gumegume lililosagwa likawa unga, na zile 15 zinazobaki ni jiwe la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambalo lina madini ya feldispa ndani. Kaolini inaleta weupe. Udongo wa kunata unafanya mchanganyiko ushikane ukubali kufinyangwa. Gumegume linaupa mwili wa chombo nguvu ya kusimama motoni na linasaidia gilezi isipasuke baadaye, na hiyo feldispa ndio inayoyeyuka na kuwagundisha wenzake wote. Ule mng'ao wa juu ni gilezi, yaani kioo chembamba kilichoyeyushiwa pale, na kwa kuwa kinaonyesha mpaka ndani basi weupe unaouona ni wa mwili wenyewe.

Shikamoo fundi. Tumechimba shimo la choo huku Kisarawe tukakutana na udongo mweupe kabisa, ukiushika unabaki mkononi unga unga. Naweza kutengenezea vikombe nikauza? Mzee anasema tuufukie tu. – Kijana wa Kisarawe

Marahaba. Msiufukie kwanza, ila pia msianze kuhesabu hela. Ukanda wenu wa Pugu na Kisarawe una kaolini nyingi sana na inajulikana toka enzi za mkoloni, hata yale mapango ya Pugu yenye popo ambayo watu wanaenda kupiga picha ni mashimo ya machimbo ya kaolini. Ila kaolini ya huko imekaa ndani ya jiwe la mchanga, yaani chembe za mchanga ndo nyingi na kaolini imejaza nafasi katikati, kwa hiyo ukiuchota ulivyo unachota mchanga mwingi kuliko udongo, lazima uoshwe.

Fanya hivi. Tafuta ndoo mbili za plastiki, sio za bati, nitakwambia sababu huko chini. Loweka udongo kwenye ndoo ya kwanza, koroga mpaka maji yawe meupe mazito, acha dakika moja mpaka mbili mchanga uzame, kisha mimina yale maji meupe kwenye ndoo ya pili ukiyapitisha kwenye kitambaa chepesi, mchanga uliobaki chini mwaga. Rudia mara kadhaa. Ndoo ya pili iache ilale mpaka kesho yake, utakuta maji safi yamekaa juu na tope jeupe laini chini, mwaga maji taratibu, tope lifunge kwenye shuka la zamani ulining'inize lichuje. Hapo ndo una kaolini. Na usije ukapepeta ukiwa mkavu eti unaharakisha, lile vumbi lina mchanga laini ambao ukiingia kwenye mapafu hautoki.

Sasa tengeneza vigae vidogo, kwenye kila kimoja chora mstari wa sentimita 10 kwa rula, viache vikauke kivulini halafu tafuta mwenye tanuri la umeme akuchomee. Ukipima mstari ukakuta umebaki sentimita 9, udongo wako unasinyaa asilimia kumi. Na angalia rangi, hapa ndo wengi wanalia, maana weupe wa shimoni sio weupe wa motoni, kuna udongo unachimbwa mweupe kabisa ukitoka kwenye tanuri una rangi ya biskuti.

Kuhusu kufinyanga hiyo kaolini peke yake, itakusumbua. Ni kama kusukuma chapati ya unga wa mahindi, inakatika pembeni kila ukiikunja. Pia moto wa kuni wa pale uwanjani unaochomea vyungu, ambao unacheza kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, hauifanyi kitu, kaolini safi inayeyuka kwenye 1770 huko. Itatoka laini, inayochanika kwa kucha. Ndo maana wanachanganya.

Na kuuza, kijana wangu, madini Tanzania ni mali ya taifa hata yakiwa chini ya choo chenu. Kuchimba kwa biashara kunataka leseni, ile ndogo ya wachimbaji wadogo inatolewa na Tume ya Madini. Chota ndoo zako za majaribio, choo mmalizie, mzee ana hoja.

Mimi niko chuoni nasoma mambo ya vifaa vya ujenzi, tumepewa asaimenti tueleze udongo wa vyombo vyeupe unasafishwaje kiwandani. Nimesoma nimechanganyikiwa, kila mahali wanasema tofauti. Naomba unielezee kwa lugha ya kawaida. – Mwanafunzi, Dodoma

Asaimenti utaandika mwenyewe ila nitakusogeza. Unachanganyikiwa kwa sababu kila udongo una njia yake, kaolini haifanyiwi sawa na ule wa kunata wala gumegume. Mimi nitakupa ya Uingereza maana ndo iliyoandikwa sana na kila kitu kiko wazi.

Kaolini yao inatoka Cornwall, hasa maeneo ya St Austell. Pale chini kuna jiwe gumu la granaiti, na ndani ya granaiti kuna madini ya feldispa, kwatzi na maika. Kwa mamilioni ya miaka maji ya moto na vimiminika vya chini ya ardhi viliila ile feldispa ikaoza ikawa kaolini, wakati kwatzi na maika zilibaki zilivyo. Kwa hiyo jiwe limelainika lakini limechanganyika. Namna ya zamani ya kulichimba, iliyotumika muda mrefu sana, ilikuwa kulipiga maji. Wanasimamisha bomba kubwa lenye presha mbele ya ukuta wa shimo, maji yanapiga, ukuta unaporomoka na kuwa maziwa ya udongo yanayotiririka mpaka chini ya shimo, huko kuna pampu zinayavuta.

Kuanzia hapo ni kazi ya kutenganisha kwa uzito na ukubwa. Mchanga wa kwatzi ni mzito, unatolewa wa kwanza. Kisha maji yanapitishwa polepole kwenye mifereji mirefu ili maika nayo izame, siku hizi wana vyombo vya kuzungusha vinavyofanya kazi hiyo haraka. Kinachobaki kinaelea ni chembe laini mno, nyingi ziko chini ya mikroni 2, ina maana ukizipanga 500 kwa mstari ndo unapata milimita moja. Zinaachwa zitulie kwenye matangi makubwa, zinapitishwa kwenye sumaku kali kutoa chembe za chuma, na zikiwa bado na unjano zinapaushwa kwa kemikali. Mwisho tope linakamuliwa kwenye mashine ya vitambaa vya kuchuja linatoka mabamba, mabamba yanakaushwa. Zamani walikuwa wanalimwaga kwenye sakafu ya vigae yenye moto unaopita chini, wanaume wanalikatakata na koleo likikauka, joto humo ndani sitaki hata kuliwaza.

Kwa kila tani moja ya kaolini, takataka zinaweza kufika tani tisa. Ndo maana Cornwall ina vilima vyeupe ambavyo ni mchanga wa machimbo, na moja ya mashimo yaliyoisha wakaligeuza bustani kubwa ya mimea yenye mapaa ya mviringo, Eden Project, ilifunguliwa 2001. Na nikuongezee hii uiweke kwenye asaimenti, kaolini nyingi ya huko haikwenda kwenye sahani, imeenda kwenye karatasi, ile karatasi ya gazeti la picha inayoteleza imepakwa kaolini.

Udongo wa kunata sasa. Huu ninaupenda zaidi kwa sababu unadanganya macho. Ni kaolini ileile iliyobebwa na mito toka kwenye granaiti ikaenda kutuama kwenye mabonde na maziwa ya zamani, Devon upande wa Newton Abbot, na Dorset karibu na Wareham. Njiani ikasagika ikawa laini zaidi, ikaokota mabaki ya majani na miti. Kwa hiyo unachimbwa ukiwa wa kijivu, wa bluu, mwingine mweusi kama makaa, mtu ambaye hajui atautupa. Lakini weusi ule ni kaboni, na kaboni kwenye tanuri inaungua inaondoka, chombo kinatoka cheupe au cha maziwa. Huu hauoshwi kama kaolini, kazi kubwa ni kuuchagua. Wanachimba tabaka kwa tabaka, kila tabaka linapimwa na kuwekwa kwenye banda lake, halafu wanachanganya mabanda tofauti ili mzigo wa leo ufanane na wa mwaka jana. Zamani ulikuwa unakatwa mapande ya kilo kama 15 hivi, unapakiwa melini mpaka pwani ya magharibi kisha kwa mifereji hadi Stoke, mfereji wa Trent na Mersey ulikamilika 1777.

Utauliza, kwa nini viwanda visijengwe Devon na Cornwall kwenye udongo? Makaa ya mawe. Kuchoma tani moja ya udongo kulikula tani nyingi za makaa, na makaa yako Staffordshire, ikawa rahisi udongo uyafuate makaa kuliko makaa kuufuata udongo.

Gumegume ni fupi: linachomwa kwanza likawa jeupe na linalovunjika kirahisi, ndo linasagwa. Mwanzoni walisaga kavu na wafanyakazi wakafa sana kwa vumbi la mapafu, mwaka 1726 Thomas Benson akapata hataza (patent) ya kusaga ndani ya maji. Kiwandani vitu vyote vinne vinakutana vikiwa uji, vinapimwa, vinapita kwenye chujio na sumaku tena, vinakamuliwa, halafu vinaingia kwenye mashine inayosokota udongo huku ikivuta hewa. Hewa ikibaki ndani utaiona siku ya kuchoma.

Niaje fundi. Nina studio ndogo ya vyungu hapa Kisumu, naagiza udongo mweupe uliotayarishwa lakini vikombe vyangu vinatoka na vidoti vyeusi na vya kahawia, vingine baada ya wiki kadhaa vinatoka vijipande vidogo juu vinaacha shimo. Supplaya anasema shida ni mimi. – Msanii, Kisumu

Poa sana. Kuhusu vidoti supplaya anaweza kuwa kweli, kuhusu mashimo sidhani.

Vidoti ni chuma. Angalia studio yako: kama meza hiyohiyo unafanyia udongo mwekundu, kama ndoo ni ya bati, kama chujio lina kutu, kama waya wa kukatia umechakaa, kama unasugua kwa stilwuli, majibu unayo. Kipande cha kutu ambacho hukioni kwa macho kikifika nyuzi 1100 kinaacha doti yenye kivuli. Tenga vifaa vya nyeupe peke yake hata sponji na aproni, na ule uji wako wa kumwagia kwenye moldi zamisha sumaku ndani yake uone inatoka na nini. Ukikuta vidoti hata kwenye kipande ulichokata moja kwa moja kutoka kwenye pakiti mpya na ukachoma bila kukigusa na kitu, hapo mpigie supplaya.

Vijipande vinavyoruka baada ya wiki ni chokaa. Kuna vijiwe vya chokaa ndani ya udongo, vikichomwa vinakuwa chokaa hai, halafu taratibu vinavuta unyevu wa hewani, vinavimba, vinasukuma udongo ulio juu yake. Kisumu na unyevu wa ziwa tena. Chukua kipande cha udongo mkavu, kidondoshee siki kali, ukiona kinatoa povu umempata mwizi. Chujio laini zaidi litapunguza, ila udongo uliotayarishwa haukupaswa kuja hivyo, dai pesa yako.

Nafundisha historia Bagamoyo. Wanafunzi wangu waliona Kunduchi makaburi yenye sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo, wakauliza Wachina walipata wapi udongo huo na kwa nini Ulaya walichelewa. – Mwalimu

Mwalimu hilo ni swali zuri. Jingdezhen, jimbo la Jiangxi, walikuwa na vitu viwili karibu: kaolini, na jiwe jeupe lenye feldispa na maika ambalo walilitwanga kwa vinu vya kuendeshwa na maji ya mto, wakaliosha, wakalifanya vitofali vyeupe. Wakachanganya na kuchoma kwenye nyuzi 1300 hivi, mwili ukageuka nusu kioo. Ulaya waliona bidhaa tu bila resipe. Walijaribu kusaga vioo na kuchanganya na udongo, ikafanana kwa mbali. Saxony, huko Ujerumani, ndio walipatia kwanza, Johann Friedrich Böttger alikuwa ameshikiliwa na mfalme Augustus eti atengeneze dhahabu, akafanya kazi na mwanasayansi Tschirnhaus, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa 1710. Padri Mfaransa d'Entrecolles akiwa Jingdezhen akaandika barua mbili, 1712 na 1722, akaeleza hatua zote, ujasusi wa viwanda wa wazi kabisa. Uingereza William Cookworthy aliitambua kaolini ya Cornwall kwenye miaka ya 1740 lakini hataza aliichukua 1768. Na mwaka mmoja kabla ya hapo Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Staffordshire, alimtuma Thomas Griffiths mpaka nchi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Carolina huko Marekani, akarudi na tani kama tano za udongo mweupe. Bahari nzima kwa sababu ya udongo!

Mke wangu ni mjamzito anakula udongo mweupe wa sokoni kila siku, ndo huohuo wa sahani? Una madhara? – Baba kijacho, Mwanza

Mara nyingi ni wa familia moja, kaolini au jamaa zake, ila wa sahani umeoshwa na kupimwa kwa ajili ya tanuri na wa sokoni hajaupima mtu. Sampuli za udongo wa kula kutoka nchi mbalimbali zimekutwa na madini ya risasi (lead), na huo udongo unaweza kuzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula wakati mjamzito ndo anayahitaji zaidi. Usimgombeze, hamu hiyo yenyewe mara nyingi inaendana na upungufu wa damu. Mpeleke kliniki, aseme wazi kwamba anakula, wampime damu. Mimi ni fundi wa vyombo, hapo naishia.

Assalamu alaykum. Nimeletewa zawadi seti ya vikombe, chini imeandikwa Bone China, mtoto kanitafsiria kwamba ni mfupa. Kweli kuna mfupa? Na nitajuaje kama ni orijino? – Bi Mkubwa, Zanzibar

Waalaykumu salaam Bi Mkubwa. Kweli kabisa, karibu nusu ya kikombe hicho ni majivu ya mifupa, kwa kawaida ya ng'ombe, na nusu nyingine ni kaolini na lile jiwe la Cornwall. Josiah Spode wa Stoke ndiye aliyeituliza resipe hiyo mwishoni mwa miaka ya 1700. Mifupa inachemshwa mafuta yatoke yote, inachomwa moto mkali mpaka inabaki nyeupe isiyo na nyama wala uboho, ndo inasagwa. Kama inafaa kunywea au haifai, hilo muulize sheikh wako, mwambie ni majivu yaliyochomwa kisha yakachomwa tena ndani ya kikombe kwenye nyuzi zaidi ya 1200, yeye atakujibu.

Kujua orijino ni rahisi. Washa taa, inua kikombe mbele yake, weka vidole vyako nyuma. Cha mfupa utaviona vivuli vya vidole na mwanga wake una joto la maziwa, cha udongo wa kawaida hata kiwe cheupe vipi hakipitishi kitu. Kauri nyembamba (porcelain, kama ile ya Kichina) nayo inapitisha mwanga, ila weupe wake mara nyingi unaelekea ubaridi wa kijivu au bluu. Na kama siku nyingine unanunua mwenyewe, muuzaji akasema ni ya mfupa halafu vidole huvioni, mwambie apunguze bei.